Mita Mbili za Wapi?

Asubuhi moja ya Julai, pwani ya Kipumbwi wilayani Pangani, nilimsomea nahodha mmoja tahadhari ya bahari kutoka kwenye simu yangu. Maneno yalikuwa yale yale ambayo kila mtu wa Tanga ameshayasikia redioni: upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayofikia mita mbili, kwa baadhi ya maeneo ya mikoa ya Tanga, Pwani, Dar es Salaam, Lindi na Mtwara, pamoja na visiwa vya Unguja na Pemba. Mzee alikuwa amechutama ubavuni mwa mashua yake akiikalafati, anashindilia pamba kwenye mwanya wa mbao kwa patasi butu. Hakuinua uso.

"Mita mbili za wapi, mwanangu?"

"Za pwani nzima, mzee wangu."

"Basi hiyo pwani nzima waambie wenyewe. Mimi nakwenda Mkokotoni."

Swali lile lilinishinda pale pale, nami ndiye ninayejifanya mjuzi wa mambo haya. Si kwamba tahadhari ilikuwa na kosa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ambayo ilikuwa wakala tangu 1999 hadi ilipofanywa mamlaka kamili kwa Sheria Namba 2 ya mwaka 2019, ndiyo yenye kauli ya kutoa tahadhari nchini, na safu hii haina utabiri wake wa pembeni. Kazi yangu ni kumsaidia msomaji aielewe kauli ile ikimfikia. Lakini namba moja ikitandazwa kuanzia mpaka wa Kenya hadi mto Ruvuma, humwambia mtu wa Kipumbwi jambo moja na mtu wa Moa jambo jingine, na wote wawili hudhani wameambiwa kitu kimoja.

Tuanze na mita yenyewe. Watabiri wa bahari wanapotaja kimo cha mawimbi, hawataji wimbi kubwa kuliko yote. Kipimo kinachotumika duniani hupatikana hivi: mawimbi yaliyopita kwa muda fulani hupangwa kwa ukubwa, kila moja likipimwa toka bondeni hadi kileleni, theluthi moja ya yale makubwa hutengwa, kisha hutafutwa wastani wake. Wastani huo ndio husemwa kuwa mita mbili. Walikichagua kipimo hiki kwa sababu kinakaribiana sana na kile ambacho jicho la baharia mzoefu lingekisia. Ina maana mawimbi mengi ni madogo kuliko mita mbili, ila machache yanaipita. Katika mawimbi mia, moja hufika kama mita tatu. Katika elfu, moja hukaribia mita nne. Na elfu si nyingi. Mawimbi ya upepo katika bahari yetu hupishana kwa sekunde tano au sita, kwa hiyo elfu nzima humpita mvuvi ndani ya saa moja na nusu. Aliyetoka alfajiri akarudi adhuhuri ameshapishana na lile la karibu mita nne zaidi ya mara moja, awe aliliona au alikuwa ameinama anavuta nyavu.

Halafu kimo peke yake hakizamishi chombo. Kinachozamisha ni mteremko. Wimbi la mita mbili ambalo kilele kimoja hufuata kingine kwa sekunde kumi lina urefu wa takriban mita 156 toka kilele hadi kilele. Ngalawa hupanda taratibu na kushuka taratibu kama mtu anayevuka vilima vya Muheza kwa baiskeli. Wimbi la kimo hicho hicho, lakini la sekunde tano, lina urefu wa mita 39 tu. Hapo ngalawa haina nafasi ya kutulia. Omo imeshaanza kushuka kuelekea bondeni wakati tezi bado iko kileleni, na mrengu wa upande wa upepo unaning'inia hewani. Kwenye tahadhari zote mbili ungesoma "mita mbili".

Upepo nao una hesabu yake inayowaponza watu. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu inayosukuma tanga haiongezeki maradufu, inakuwa mara nne. Aliyezoea kusafiri na upepo wa kilomita 20 kwa saa akiambiwa 40 hudhani ni shida mara mbili ya ile aliyoizoea. La hasha.

Sasa turudi kwenye swali la mzee, maana jibu lake liko kwenye ramani. Chukua ramani yoyote ya pwani yetu, hata ile ya ukutani darasani. Mji wa Tanga uko kama digrii 5 na dakika 4 kusini mwa ikweta. Mbele yake, mashariki, umbali wa kilomita hamsini na kitu, Pemba imelala kaskazini-kusini kwa urefu wa takriban kilomita 67 kama kizingiti. Kati yetu na Pemba bahari ni ya kina kirefu, mamia ya mita (ndiko wavuvi wa majarife walikoanza kumnasa silikanti mwanzoni mwa miaka ya 2000, samaki ambaye wataalamu wa dunia waliwahi kudhani alikwisha toweka, na ndiyo sababu Tanga ina hifadhi ya bahari yenye jina lake tangu 2009). Mawimbi ya bahari kuu yanayotoka mashariki hukutana na Pemba kwanza. Hayatufikii sisi, au hutufikia yamechoka.

Lakini kizingiti kina miisho. Kusini, ncha ya Pemba inakoma karibu na usawa wa mji wa Pangani, na ncha ya kaskazini ya Unguja, Nungwi, inaanza chini kidogo ya usawa wa Kipumbwi. Katikati yake kuna uwazi, na nyuma ya uwazi huo ni Bahari ya Hindi tupu. Mimi huuita mlango wa kusini. Kaskazini nako, kati ya ncha ya Pemba na bara la Kenya upande wa Shimoni na Vanga, kuna mlango wa pili.

Upepo wa Kusi, wa miezi kama hii ya Julai, hutoka kusini mashariki. Vuta mstari kwa rula toka katikati ya mlango wa kusini ukielekea kaskazini magharibi: utaangukia Kigombe, Mwarongo, na fukwe za juu ya mdomo wa Pangani. Huko ndiko mita mbili za Kusi zinakofika zikiwa mita mbili kweli, kabla ya matumbawe kuzivunja. Saadani imejificha nyuma ya Unguja. Ghuba ya Tanga imejificha zaidi, ina Ras Kazone na visiwa vya mdomoni kama Ulenge, na siku ile ile ambayo Kigombe mashua zimevutwa juu, vijana wa Sahare huwa wanapiga makasia bila wasiwasi wakishangaa kwa nini redio inapiga kelele. Na huyu mzee wa Kipumbwi anayekwenda Mkokotoni? Safari yake inaelekea kusini mashariki. Upepo wote anaupokea usoni, na njia inamkatisha ukingoni mwa mlango wenyewe hadi apate kivuli cha Unguja. Kwa mtu huyo tahadhari ya mita mbili si ya "baadhi ya maeneo".

Wasomaji wanaokumbuka usiku wa Septemba 10, mwaka 2011, wanaijua sehemu hii ya bahari kwa namna nyingine. MV Spice Islander I, iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama mbele ya Nungwi, kwenye mlango huu huu. Meli ilikuwa imejazwa abiria na mizigo kupita uwezo wake, na hilo halihitaji mtaalamu wa hali ya hewa kulieleza. Ninachoongeza ni hiki tu: chombo kilichozidiwa mzigo kinaweza kuvumilia nyuma ya kisiwa na kikashindwa mara kinapotoka kwenye kivuli.

Kaskazi ni habari nyingine, na hapa ndipo nadhani watu wengi wa pwani yetu wanajidanganya. Tumezoea kusema Kusi ndiyo mbaya, Kaskazi ni ya neema. Ndiyo iliyoleta majahazi ya Waarabu na Wahindi, ndiyo miezi ya jua na joto. Kwa kasi ya upepo, kweli Kusi huizidi Kaskazi. Ila kuna kitu hakionekani juu ya maji. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki hutiririka kuelekea kaskazini mwaka mzima. Wakati wa Kusi upepo unausukuma, nao unakwenda kwa nguvu, lakini upepo na maji vinasafiri njia moja, na mawimbi hunyooka yakawa marefu. Wakati wa Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, mkondo unapungua nguvu lakini haugeuki katika bahari yetu. Upepo unakuja toka kaskazini mashariki, unaingia mlango wa kaskazini, unakutana uso kwa uso na maji yanayotoka. Wimbi linalokutana na mkondo wa kinyume hufupika, hupanda, na kichwa chake huanguka. Tahadhari inaweza kusoma mita moja na nusu, lakini hiyo ni mita moja na nusu ya ukuta. Watu wa Moa, Jasini na kisiwa cha Kwale wanaijua. Mtu wa mjini anayepanda boti kwenda Pemba Januari kwa sababu "bahari ya Kaskazi ni shwari" haijui. Januari 2017 boti ya abiria iliyotoka Tanga kwenda Pemba ilizama ikiwa bado karibu na pwani yetu, jirani na kisiwa cha Jambe, na watu wasiopungua kumi walikufa. Sidai kwamba mkondo ndio uliowaua. Nataka tu tuache kuiita Januari shwari.

Bahari ina saa tatu za kuhesabia wakati wake. Hiyo ndiyo saa ya kwanza, ya misimu. Saa ya pili ni mwezi, na hii haitaki utabiri, inataka hesabu. Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Siku moja mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo huja bamvua: tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita tatu. Juma moja baadaye ni maji mafu, tofauti ikishuka hadi mita moja hivi. Mtu wa Tanga akijua mwezi ana siku ngapi, anajua saa bila kutazama jedwali: siku za mwezi mpevu na mwandamo maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Hii ndiyo sababu wanawake wa mwani na wa kuokota pweza na chaza huonekana kwenye miamba saa tatu na nne asubuhi siku za bamvua, na siku za maji mafu hawaonekani. Hakuna aliyewapangia ratiba.

Maji hayatoki kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza huondoka polepole, saa ya tatu na ya nne hukimbia, saa ya sita hutambaa. Kwenye bahari wazi hili halimsumbui mtu. Kwenye mdomo wa mto Pangani ni suala la uhai. Mto unaleta maji yake, bamvua linatoa maji yake, vyote vinapita kwenye mlango mwembamba kati ya mji wa Pangani na Bweni, na nje vinakutana na mawimbi ya Kusi yanayoingia. Mawimbi yaliyokuwa ya kawaida kilomita moja nje hugeuka meupe mdomoni.

Na saa ya tatu ni ya jua. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko bahari, na upepo hafifu wa umande hushuka toka bara kwenda baharini. Jua likipanda nchi hupata joto, hewa yake hupanda, na upepo wa baharini hujaza nafasi. Kusi na upepo huu wa mchana hushirikiana, hivyo toka saa tano asubuhi hadi saa kumi na moja jioni upepo huwa mkali zaidi ya ule wa alfajiri, ingawa tahadhari imetaja kilomita 40 bila kutaja saa.

Ziweke sasa hizi saa tatu pamoja katika wiki moja. Tuchukue wiki ya katikati ya Julai ambayo mwezi mpevu umeangukia Jumatano. Mbali kusini, kwenye bahari ya mashariki ya Madagaska karibu na visiwa vya Mascarene, kuna eneo la mgandamizo mkubwa wa hewa ambalo miezi hii huwa na nguvu. Ndilo bomba linaloisukuma Kusi kuja kwetu. Kila wimbi la baridi linapopita Afrika Kusini, mgandamizo huo huimarika nyuma yake, na siku chache baadaye Kusi hupata pumzi mpya hapa Tanga. Kwa hiyo upepo wa Julai hauvumi kwa kiwango kimoja wiki nzima. Una siku mbili tatu za kupumzika, kisha siku tatu nne za kukaza. Katika taarifa za TMA utakuta maneno "kuimarika kwa mgandamizo mkubwa wa hewa kusini mwa bara la Afrika". Ukiyasoma hayo Jumatatu, usipange kuvuka Alhamisi.

Jumatatu na Jumanne za wiki yetu ya mfano upepo ni wa wastani. Manyunyu yanakuja toka baharini usiku wa manane na alfajiri, yanalowesha mchanga na kukatika jua likitoka. Tanga si Dodoma, mvua kidogo hupatikana karibu kila mwezi hata baada ya masika kwisha. Wavuvi wa dagaa hawatoki, na si kwa sababu ya upepo: mbalamwezi imewaharibia, taa zao hazina maana mwezi ukiwaka. Jumatano maji yanajaa saa kumi na robo alfajiri, yanapwa baada ya saa nne asubuhi. Wenye mashamba ya chumvi huko Mkinga wana macho kwenye kingo za majaruba yao, maana maji ya bamvua yakivuka ukingo kazi ya siku nyingi imekwisha.

Alhamisi na Ijumaa ndizo siku za kuogopa, na ndizo siku ambazo bahari itamdanganya mgeni. Kusi imekaza. Bamvua limefika kilele chake. Alhamisi maji yamejaa karibu saa kumi na moja alfajiri, yanatoka asubuhi nzima hadi saa tano. Mgeni aliyefikia hoteli ya Ushongo, akiamka saa moja, anaona bahari haina upepo wa kutisha, anamwambia mwenye boti "twende sasa kabla upepo haujaamka". Akiwa anatokea mdomo wa Pangani, hiyo saa moja hadi saa tatu ndiyo saa maji yanapokimbia kutoka, na mdomo ndio unaochemka. Saa tano, maji yamepwa, mdomo umetulia lakini kina hakitoshi. Saa nane hadi saa kumi upepo ni mkali, tanga linapiga kelele, kofia zinaruka, ila maji yanaingia pamoja na mawimbi, na mdomo unapitika kuliko ulivyokuwa asubuhi. Nimewahi kubishana na mtu juu ya jambo hili tukiwa tumesimama upande wa Bweni tukisubiri kivuko. Alikataa kabisa kwamba mchana wenye upepo unaweza kuwa salama kuliko asubuhi tulivu. Tulisubiri, akaona.

Huyo mgeni pengine alikuwa anakwenda Maziwe, fungu la mchanga lililoko nje, kusini mashariki ya mdomo wa mto. Miaka ya 1970 Maziwe kilikuwa kisiwa chenye mivinje na kasa wengi wa kutaga. Kikatangazwa hifadhi mwaka 1975. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti ya mwisho ilikwisha kwenda na maji. Leo mchanga huonekana maji yakipwa na maji ya bamvua yakijaa huufunika, ndiyo maana watu wa Ushongo huhamisha mayai ya kasa yanayotagwa pale. Anayekwenda kuogelea Maziwe siku ya bamvua bila kupitia mdomo wa mto aondoke na maji yanayopwa, na awe amerudi kabla ya alasiri kuingia.

Jumamosi upepo unaanza kulegea. Katikati ya wiki inayofuata maji ni mafu, Kusi imepumzika, mwezi unachelewa kutoka na wavuvi wa dagaa wanaanza kurudi baharini saa za giza la mapema. Mzee wa Kipumbwi aliondoka katika siku kama hizo, saa nane usiku, kwa umande toka bara, ili Kusi ya mchana imkute amekwisha ingia kivulini mwa Unguja. Hakuhitaji simu yangu kwa hilo. Ila aliniuliza jambo moja kabla ya kuondoka, kama mgandamizo wa kusini umekaza tena. Hilo hawezi kuliona kutoka ufukweni.

Wazee wa zamani walikuwa na chombo chao cha kupanga safari. Walihesabu siku 365 toka Nairuzi, mwaka mpya wa pwani, ambao siku hizi huangukia Julai na watu wa Makunduchi huusherehekea kwa Mwaka Kogwa, wakazigawa katika miongo ya siku kumi kumi. Nahodha akiuliza "mwongo gani huu?" alikuwa anauliza msimu. (Neno hilo hilo, mwongo, ndilo ambalo watabiri tumetupiwa mara nyingi, wingi wake ndio unaotuokoa, miongo na waongo havifanani.) Hesabu ile ilikuwa nzuri kwa misimu, na hadi leo huionyesha vizuri tofauti kati ya Kusi na Kaskazi. Haikuweza kusema Alhamisi hii itakuwaje.

Sisi tunaweza kusema Alhamisi hii itakuwaje, lakini si kwa uhakika sawa kwa kila jambo, na hapa msomaji anapaswa kuwa mkali. Maji kujaa na kupwa yanahesabika miaka mbele. Jedwali likisema saa kumi na robo, ni saa kumi na robo, labda upepo wa bahari uyasogeze kidogo. Kukaza kwa Kusi huonekana siku tatu hadi tano kabla, kwa uhakika mzuri. Mawimbi hufuata upepo, hivyo nayo yanatabirika karibu sawa nao. Mvua ya mahali fulani ndiyo inayotushinda: wingu la pwani linaweza kunyesha Chumbageni likaiacha Mikanjuni kavu, na hakuna kompyuta ya kuliwahi hilo siku nne kabla. Watu hutupima kwa mvua, tunapokosea, kisha hukataa kutusikiliza kwenye upepo, tunapopatia. Hili linaniuma kidogo, nakiri.

Vimbunga nitavipitia haraka kwa sababu Tanga iko karibu sana na ikweta na nguvu ya mzunguko wa dunia inayokizungusha kimbunga ni dhaifu huku. Unguja iliwahi kupigwa vibaya Aprili 1872, mikarafuu ikang'olewa. Hidaya kilifika Mafia Mei 4, mwaka 2024, na boti za kati ya Dar es Salaam na Unguja zilisimamishwa. Mwezi huo huo wa Mei kikaja Ialy, ambacho kilipanda kaskazini zaidi, kikaleta upepo hadi pwani ya Kenya. Vimbunga viwili ndani ya Mei moja, mwezi ambao kwetu ni wa masika na si wa vimbunga. Kwa wiki ya kawaida ya Tanga, kimbunga hakimo kwenye hesabu. Kikiwamo, TMA hukitaja kwa jina siku kadhaa kabla, na siku hiyo hakuna haja ya kusoma makala yoyote ya milango na saa. Chombo kinavutwa juu.

Ombi langu kwa watabiri wenzangu ni dogo. Kwenye tahadhari ya mkoa wa Tanga wekeni mistari miwili badala ya mmoja, wa toka Kigombe hadi Kipumbwi na wa toka ghuba ya Tanga hadi Jasini, na pembeni mwandike saa ya maji kupwa. Na kwa abiria: ukifika gatini wiki hii ukaambiwa mita mbili, muulize nahodha mita mbili za wapi. Asipoweza kukujibu, shuka.